Refa kauza, kaegemea au kakosea? Tuelewane kuhusu filimbi za NBA

Kila pleiofu (mtoano wa mwisho wa msimu) za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zikianza maneno ni yale yale. Mtu wa Igoma au Nyegezi hapa Mwanza anaamka saa tisa na nusu usiku, bando la usiku liko tayari, anaangalia game mpaka kunakucha, timu yake inafungwa kwa pointi mbili na kuna filimbi moja imelia au haikulia, kabla hata hajanywa chai grupu la WhatsApp limeshajaa: ligi imepangwa hii, refa kanunuliwa, NBA wanataka Lakers wachukue kwa sababu Lakers ndio hela. Na siku hizi mikeka imeingia mpaka kwenye kikapu, zamani watu walikuwa wanabeti soka tu, kwa hiyo hasira inakuja mara mbili, mtu kafungwa na mkeka umechanika.

Naandika hili kwa sababu maneno hayo yameshuka mpaka kwenye viwanja vyetu vya Mirongo. Refa wa mechi ya mkoa anapuliza faulo moja yenye mashaka, vijana wa pembeni tayari "huyu kala hela huyu". Kumwambia mtu mbele za watu kwamba amekula hela ni tuhuma nzito sana, na wengi wanaoitoa wanachanganya mambo matatu ambayo hayafanani hata kidogo.

Kuna kukosea, kuna kuegemea, kuna kuuza. Chukulia umeenda Mwaloni kununua sato. Muuzaji anaweza akasoma mizani vibaya, kilo mbili na nusu akakwambia tatu, kelele nyingi na wateja wanamvuta huku na huku, hapo amekosea tu na kesho anaweza akakosea kwa faida yako. Inawezekana pia mizani yenyewe springi imelegea, kila mteja anapunjwa kidogo na muuzaji mwenyewe hajui, hiyo ndio kuegemea. Na inawezekana kuna sumaku imebandikwa chini kwa makusudi, hapo umeibiwa. Kwako wewe mteja yote matatu ni samaki pungufu, hasira ni ile ile, ila namna ya kuyathibitisha ni tofauti kabisa. La kwanza unapima tena samaki yule yule. La pili huwezi kulijua kwa samaki mmoja, inabidi upime samaki wengi sana. La tatu inabidi ugeuze mizani uangalie chini kuna nini. Sasa mashabiki wengi wanachukua ushahidi wa la kwanza wanahukumu kwa la tatu, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Tuanze na kukosea. Kwenye kikapu kugusana peke yake sio faulo, hili watu wengi hawalijui, hasa waliotokea soka. Kinachoangaliwa ni kama mguso umempa mtu faida au umemharibia mwenzake mwendo, mizani au shuti. Beki akiruka wima mikono juu ndani ya nafasi yake halafu mshambuliaji akamjia kifuani, beki hana kosa hata kama mshambuliaji ameanguka vibaya. Beki akiinamisha mikono kidogo tu, faulo. Hiyo "kidogo tu" inaamuliwa ndani ya sekunde moja, miili mikubwa inapishana mbele ya macho ya refa, na wewe nyumbani unaonyeshwa tukio lile lile mara nne kwa mwendo wa pole kutoka pembe ambayo refa hakuwa nayo. NBA wanatumia marefa watatu tangu msimu wa 1988/89 kwa sababu hiyo hiyo, kila mmoja ana eneo lake la kuangalia, na bado yapo yanayowapita.

Mfano ambao wengi tuliuona: tarehe 28 Januari 2023 kule Boston, kwetu ilikuwa Jumapili alfajiri. Lakers na Celtics wako 105 kwa 105, sekunde za mwisho kabisa, LeBron James anaingia kushoto kwenda kutia, Jayson Tatum wa Celtics anamchapa mkono wa kushoto, mpira unatoka, filimbi kimya. LeBron alikimbia uwanja kama mtu aliyefiwa, akapiga magoti, akaweka uso chini. Mwenzake Patrick Beverley akachukua kamera ya mpiga picha akampelekea refa amuonyeshe picha, akalambwa teknikali (faulo ya utovu wa nidhamu), kwa hiyo Celtics wakaanza muda wa ziada na mtupo huru wa zawadi, yaani shuti la pointi moja bila kukabwa. Lakers wakafungwa 125 kwa 121. Marefa wenyewe wakakiri kwamba ile ilikuwa faulo, na chama chao kikaandika hadharani kwamba wamekosea na imewauma.

Angalia vizuri nani aliyeumizwa pale. Ni Lakers, timu ambayo kila kijiwe kinasema inabebwa, na ni LeBron, staa mkubwa kuliko wote kwenye ligi, tena kwenye game iliyorushwa nchi nzima kule Marekani. Kama kuna mtu ofisini ana rimoti ya kuwabeba Lakers, usiku ule ndio ulikuwa wa kuibonyeza.

Na haya makosa hayafichwi kama watu wanavyodhani. Tangu Machi 2015 ligi inatoa ripoti ya dakika mbili za mwisho, kesho yake, siku hizi ni kwa game ambayo ndani ya dakika hizo tofauti imefika pointi tatu au pungufu. Wanaandika kila tukio: hili sahihi, hili tumekosea kupuliza, hili tumekosea kutopuliza, na jina la mchezaji linawekwa. Matokeo hayabadilishwi, na hilo kwa kweli linakera, unaambiwa uliibiwa (kwa maneno ya mtaani) halafu basi. Watu wa Detroit wanalijua vizuri, tarehe 27 Aprili 2025 game ya nne ya pleiofu dhidi ya Knicks Tim Hardaway Jr. alirusha shuti la pointi tatu mwishoni kabisa, Josh Hart akamgonga, kimya, wamefungwa 94 kwa 93, halafu refa mkuu wa mechi akakiri baada ya game kwamba ilitakiwa iwe faulo. Mitupo mitatu huru hiyo imepotea. Inauma, ila ni kosa la samaki mmoja.

Tangu msimu wa 2019/20 kocha pia ana haki ya kupinga uamuzi mmoja ukaangaliwe kwenye video, na tangu 2023/24 akishinda hilo pingamizi anapewa lingine. Ila hawezi kupinga filimbi ambayo haikulia kama ile ya LeBron, ndio maana ukimya bado unaumiza zaidi ya makelele.

Sasa kuegemea, na hapa mashabiki mna hoja, tena hoja nzito, ila sio ile mnayoisema.

Wachumi watatu, Joseph Price, Marc Remer na Daniel Stone, walichapisha utafiti mwaka 2012 na ninaupenda kwa ujanja wa njia waliyotumia. Walisema timu inaweza kupoteza mpira kwa namna mbili. Ipo inayotegemea jicho la refa, mfano kutembea na mpira au faulo ya mshambuliaji. Na ipo ambayo refa hana la kuamua sana, umepiga pasi mbovu, umenyang'anywa, mpira umekwenda. Timu ya nyumbani ikiwa inacheza vizuri zaidi kwa sababu tu iko nyumbani, basi aina zote mbili zitapungua kwa pamoja. Lakini ukikuta zile za jicho la refa zimeenda upande mmoja kuliko zile nyingine, hapo kuna kitu kwenye jicho. Na walikikuta. Marefa walikuwa wanaegemea kidogo timu ya nyumbani, timu iliyo nyuma kwa pointi ndani ya game, na kwenye pleiofu, ambako timu mbili zinakutana mfululizo mpaka moja ishinde game nne, timu iliyo nyuma kwenye idadi ya game hizo.

Rudia kusoma hapo, timu iliyo nyuma. Sio timu yenye staa, sio timu ya jiji kubwa. Anayefungwa. Unaweza kusema ligi inafaidika mfululizo ukienda mpaka game ya saba, ni kweli inafaidika, watangazaji wanalipa, na watafiti wenyewe hawakulikwepa hilo. Ila unaweza pia kusema refa ni binadamu, uwanja watu elfu kumi na kitu wanazomea, ameshapuliza tano mfululizo upande mmoja, ya sita inakuwa nzito mdomoni. Yeyote aliyewahi kuchezesha hata bonanza la mtaani anaijua hiyo. Utafiti unaonyesha mizani imelegea, haukwambii nani kailegeza.

Upo mwingine wa Price na Justin Wolfers, walichukua misimu ya 1991/92 mpaka 2003/04 wakakuta mchezaji anapulizwa faulo zaidi kidogo wakati kundi la marefa lina rangi tofauti na yake. Ulipotoka 2007 ligi iliukataa kabisa, magazeti yakaandika kila kona. Baadaye walipoangalia miaka iliyofuata baada ya ule moto wa magazeti, ile tofauti ilikuwa imeyeyuka. Sasa mtu anayekula hela haachi kwa sababu gazeti limeandika kitu kuhusu rangi. Anayeacha ni yule ambaye hakujua kwamba anafanya, akaambiwa, akaanza kujiangalia.

Mastaa je? Hili swali ndio linaloulizwa kuliko yote. Kiukweli staa anapata filimbi nyingi, na sehemu kubwa ni kwa sababu mpira uko mkononi mwake muda wote na anaingia ndani kugongwa. Ila kuna sehemu nyingine, ujanja. James Harden kwa miaka mingi alikuwa anaingiza mkono wake kwenye mkono wa beki halafu anarusha, refa anaona mikono imegongana, filimbi. Watu wakasema Harden anabebwa. Msimu wa 2021/22 ligi ikawaambia marefa kwamba mtu akijirusha pembeni au akamnasa beki kwa harakati isiyo ya kawaida ya kurusha msimpe faulo, na mwanzoni mwa msimu ule mitupo ya Harden ikashuka watu wakashangaa. Kumbe alikuwa mwanafunzi mzuri wa kitabu cha sheria, ikabidi kitabu kirekebishwe.

Hapo tunafika kwenye ushahidi unaopendwa kuliko wote vijiweni, hesabu ya mitupo huru. "Wao 40 sisi 25, unataka nini tena?" Mtupo huru hautoki hewani, unatoka kwa timu inayoingia ndani. Timu inayorusha pointi tatu kutoka mbali usiku kucha haigongwi, itapata michache hata refa awe malaika. Halafu kuna kuhesabu faulo za timu, kuanzia ya tano kwenye kota moja (robo ya game) kila faulo ni mitupo miwili hata kama mtu hakuwa anarusha. Halafu kuna zile za makusudi mwishoni, timu iliyo nyuma inawafaulu wenzao ili saa isimame, zinaingia kwenye hesabu ile ile. Dwyane Wade wa Miami kwenye game ya tano ya fainali za 2006 alipiga mitupo huru 25 peke yake, Dallas timu nzima 25. Ukisikia hivyo unasema wizi. Ukiangalia game unakuta jamaa kila mara anaingia katikati ya watu wawili watatu, na katikati ya hizo filimbi zipo ambazo hata mimi sizikubali.

Na ipo game moja ambayo siitetei. Game ya sita fainali ya magharibi 2002, Lakers na Sacramento Kings. Lakers walipiga mitupo huru 27 kota ya nne peke yake, Kings game nzima walipiga 25. Vlade Divac na Scot Pollard, watu wawili warefu wa Kings wa kumkaba Shaquille O'Neal wa Lakers, wote wakatolewa kwa faulo sita. Mwishoni Kobe Bryant wa Lakers akampiga Mike Bibby wa Kings kiwiko cha pua na Kings hawakupata kitu. Lakers 106, Kings 102, game ya saba Lakers wakashinda na ubingwa wakachukua. Ilichezeshwa vibaya, vibaya mno, na shabiki wa Kings ana haki ya kuiota mpaka leo. Mwaka 2008 refa mmoja aliyekuwa na kesi mahakamani alidai kwamba marefa wawili wa game ile waliibeba Lakers kwa faida ya ligi, ligi ikakanusha, na ushahidi haujawahi kuletwa.

Huyo refa anaitwa Tim Donaghy, na kama unataka kujua kuuza mechi kunafananaje basi soma kesi yake badala ya kuhesabu mitupo. Alichezesha NBA misimu 13, mpaka 2007. Alikuwa anabeti, hadi game alizokuwa anazichezesha mwenyewe, na kuanzia Desemba 2006 akawa anampa taarifa mtu wa kamari, jamaa aliyesoma naye sekondari, kupitia rafiki yao mwingine wa shule ile ile, kwa maneno ya siri kwenye simu. Akipatia analipwa dola 2,000, baadaye mpaka 5,000. Alikuwa anauza nini? Alikuwa anajua nani anachezesha game ipi kabla ya watu wengine, refa gani hapatani na mchezaji gani, nani anaumwa. Alikiri makosa mawili ya jinai Agosti 2007 na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 15.

Kama alipinda na filimbi zenyewe, hapo pana mvutano. Yeye alikataa. Ripoti ya wakili Lawrence Pedowitz, aliyepewa kazi na ligi, ilitoka Oktoba 2008 ikasema haikukuta kwamba alipuliza kwa makusudi ili mkeka wake ushinde. Uchunguzi wa waandishi wa ESPN mwaka 2019 ukasema alipinda. Mimi naona mtu mwenye hela kwenye game hawezi kuwa na filimbi safi hata akiapa. Lakini angalia umbo la wizi wenyewe: ni mtu mmoja kwa ajili ya mfuko wake, game za kawaida za msimu ambazo hakuna anayezikumbuka, tena wala haikuwa lazima timu fulani ishinde. Sio ligi, sio Lakers, sio fainali. Na hakukamatwa na shabiki aliyerudia video. FBI walikuwa wanaifuatilia familia ya Gambino, mafia wa New York, jina la refa likajitokeza humo. Walioigeuza mizani walikuta simu na pesa.

Baada ya hapo ligi ilianza kutangaza majina ya marefa asubuhi ya siku ya game, kila mtu anayaona. Ile siri aliyokuwa anaiuza Donaghy ikawa haina bei.

Nimesema haikuwa lazima timu ishinde, hapa ndugu zangu wa mikeka nisikilizeni. Hendikapu maana yake kampuni inaipa timu kubwa deni la pointi. Umeweka Celtics kwa hendikapu ya -6.5, wanatakiwa washinde kwa pointi saba au zaidi. Wako mbele kwa nane, sekunde kumi zimebaki, game imeisha, wachezaji wameanza kusalimiana, mtoto wa benchi wa timu pinzani anaingia kutia hakuna anayemkaba, anatia. Tofauti sita. Mkeka wako umechanika kwa kikapu ambacho hakina maana yoyote kwa mtu yeyote uwanjani. Au refa anapuliza faulo ndogo pale ambayo kwa game ni kelele tu, kwako ni elfu hamsini. Ukiangalia game ukiwa na mkeka, filimbi zote zinakuwa na maana ambayo refa mwenyewe haijui, na hisia ya kuibiwa inakuja hata pasipo na mwizi.

Na kusema ukweli, nikiwa mla rushwa wa leo nisingemfuata refa, ni mtu anayepigwa video kila filimbi, anapimwa, na wanaopimwa vibaya hawapangiwi raundi zinazofuata za pleiofu na hela yake inaondoka. Ningemfuata mchezaji wa benchi. Jontay Porter wa Toronto alifungiwa maisha Aprili 2024 kwa sababu alikuwa anatoka uwanjani mapema akisema anaumwa, ili watu waliobeti kwamba atafunga pointi chache washinde. Hakuna filimbi hata moja iliyohusika. Kamari ya mchezaji mmoja mmoja ndio mlango ulio wazi zaidi na hao wanaopiga kelele za refa hawauangalii kabisa.

Ligi nayo inajiharibia. Mchezaji Rudy Gobert Machi 2024 alimuonyesha refa vidole vya hela, akasema kamari inaharibu mchezo, akapigwa faini ya dola 100,000. Huku kampuni za kamari ni washirika wa ligi, matangazo yao kila kona. Mtu wa kawaida akiona mchezaji anazibwa mdomo kwa hela zote hizo na tangazo la kubeti linafuata, anajazia mwenyewe yaliyobaki, na siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo ukitaka kuniambia game imeuzwa usinitumie klipu ya sekunde nane. Nionyeshe odi (bei za kamari) zilizohama ghafla kabla ya game bila sababu. Nionyeshe refa huyo huyo na mwelekeo huo huo kwenye game nyingi. Nionyeshe miamala. Mchezaji Chris Paul aliwahi kufungwa game zaidi ya kumi mfululizo za pleiofu zikichezeshwa na refa Scott Foster, hata hilo mimi nalikubali kama swali la kufuatilia, hawa wawili walikuwa hawapatani na Paul mwenyewe alisema ni jambo binafsi, ila swali ndio kwanza linaanza hapo.

Na refa wa Mirongo hana video, hana ripoti ya kesho yake, mara nyingi wako wawili tu badala ya watatu, filimbi yake ikikosea hakuna ofisi itakayomkiria. Akikosea mwambie amekosea, kwa sauti, hiyo ni haki yako. Ukitaka kusema amekula, taja kiasi na aliyempa.